Kesi ya Otenyo Haijachelewa, Haijasikilizwa

Kwa Abagusii, mwanamume huzikwa nyumbani. Kaburi lake huchimbwa ndani ya ua, upande wake wa nyumba, na mkewe siku yake ikifika hulazwa upande wa pili. Ndiyo maana mtoto wa Kitutu au wa Nyaribari akiuliza babu yuko wapi, hapewi maneno mengi, huonyeshwa kwa kidole. Iko nyumba moja ya Kitutu isiyo na pa kuelekeza kidole. Ni nyumba ya Otenyo wa Nyamaterere, kijana aliyemchoma mkuki Geoffry Northcote, afisa tawala wa kwanza wa Kisii, mnamo Januari 1908. Otenyo alikamatwa. Wazee husimulia kwamba alipigwa risasi mahali ambapo leo ni Uwanja wa Gusii, mjini Kisii, kisha kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Uingereza. Tangu wakati huo, kizazi kwa kizazi, jamaa zake wanaomba jambo lile lile: rudisheni kichwa cha mtu wetu tumzike, na mkiri mlichotenda.

Ombi hilo limezungushiwa ukuta wa madai. Nimeyasikia kwenye matanga, ndani ya matatu ya Keroka, vinywani mwa walimu wa historia, na kwa watu wenye vyeo wanaonong'ona kwamba familia hii inatuaibisha mbele ya wageni. Mengi hutamkwa kwa upole, kama ushauri wa mkubwa kwa mdogo. Nimeona niyajibu, kwa kuwa kila moja limejengwa ama juu ya uongo ama juu ya ukweli uliokatwa nusu.

Dai linalotangulia daima ni hili: Otenyo alikuwa muuaji, na muuaji alipata haki yake. Kumbe Northcote hakufa. Mkuki ulimjeruhi, akatibiwa, akapona, akarudi kuwatawala watu wale wale, nao wakampa jina lao wenyewe, Nyarigoti. Alipanda ngazi za utumishi wa Dola hadi akawa Gavana wa Guyana ya Waingereza, kisha Gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941, tena akiwa na heshima ya kuitwa Sir. Huyu ndiye anayeitwa marehemu wa Otenyo. Aliishi miaka mingi baada ya mtu aliyemchoma kuuawa.

Sasa tuwahesabu waliokufa kweli. Mwanzoni mwa Februari 1908, wiki chache tu baada ya mkuki ule, taarifa za simu zilizofika London zilikuwa zimetaja Wagusii 160 waliouawa. Aliyezipokea mezani kwake ni Winston Churchill, wakati huo akiwa Naibu Waziri wa Makoloni. Hakuwa mtetezi wa Wagusii. Aliandika kwamba koo zile hazina budi kuadhibiwa. Lakini aliongeza kwamba taarifa zenyewe hazimpendezi, kwamba watu 160 wamekufa na upande wa Waingereza haujapata hasara nyingine, kwamba jambo hilo linafanana na uchinjaji, na kwamba Bunge likilipata mipango yao yote ya Afrika Mashariki itaingia doa. Aliwaita watu wale wasio na kinga. Ninayataja maneno hayo kwa sababu hayakutoka kwa mzee wa Manga mwenye machungu. Yalitoka ndani ya serikali iliyotuma wanajeshi. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Mkuki mmoja uliomfikia afisa mmoja ulilipiwa kwa roho 160, na hiyo ni hesabu ya kabla kazi haijakwisha. Anayetaka kutumia neno muuaji katika kisa hiki ana mahali pengi pa kulipeleka.

Dai la pili huletwa kumtetea Otenyo, nalo linamdhalilisha kuliko la kwanza: eti alikuwa kijana mjinga aliyepotoshwa na mwanamke mchawi. Mwanamke huyo ni Moraa wa Ng'iti. Katika Ekegusii, mchawi ni omorogi, na omorogi huogopwa na kufukuzwa. Mwaguzi, yule anayefumbua sababu ya maradhi na maafa, ni omoragori, naye hutafutwa na kuheshimiwa. Moraa alikuwa mganga na mwaguzi. Watawala, na baada yao wahubiri, waliyachanganya maneno hayo mawili, na mchanganyiko ule umebaki katika vinywa vyetu hadi leo. Alichowaambia vijana wa Kitutu hakikuhitaji uchawi. Alisema wageni wanachukua ng'ombe, wanatoza kodi ya nyumba ambayo mtu amejijengea mwenyewe, na wanawaamuru watu wazima kama watoto. Kila mtu aliyaona hayo kwa macho yake. Otenyo alikuwa mtu mzima aliyepima na kuamua, na anastahili kukumbukwa hivyo.

Kisha huja dai lenye sura ya hekima: ile ilikuwa vita, na vitani watu hufa. Ningelikubali kama pande mbili zingekuwa vitani. Mwaka 1905, miaka mitatu kabla ya Otenyo, msafara wa kwanza wa kuadhibu ulikwisha fika Gusii. Robert Foran, afisa wa polisi wa kikoloni, aliuandika katika kumbukumbu zake. Askari walijipanga mraba, bunduki ya rashasha ikiwa katikati, na mashujaa wa Gusii wakaiendea wakiwa na mikuki na ngao za ngozi. Foran asema bunduki ile ilifyatua hadi chuma chake kikakaribia kuwa chekundu kwa moto, na mamia ya watu wakabaki chini, wafu na majeruhi. Asema pia, bila kuombwa na yeyote, kwamba ile haikuwa vita bali mauaji ya halaiki. Kisha anaongeza kwamba hayakuepukika. Sehemu ya kwanza ni ushuhuda wake, na naipokea kama ushuhuda. Sehemu ya pili ni utetezi wake, na kila mshtakiwa ana wa kwake.

Kuhusu 1908 maelezo ni ya aina nyingine, na hapa neno vita linakosa pa kusimama kabisa. Askari wa keya, yaani wanajeshi wa kikoloni, walichoma miji, wakaharibu mimea iliyokuwa bado shambani, wakaswaga mifugo, na wakawawinda watu waliokuwa wakikimbia. Mtu anayekimbia hapigani. Wimbi linaloungua shambani halijamchoma mtu mkuki. Mwanamke wa Gusii anayeanza mwaka bila wimbi, bila maziwa na bila paa ameadhibiwa kwa kosa ambalo hata jina lake hajaambiwa.

Kuna wanaojibu kwamba waliofyatua risasi walikuwa Waafrika wenzetu. Ni kweli, askari wengi wa keya walikuwa Waafrika, na ukweli huo unauma. Lakini hawakujituma. Waliongozwa na maafisa wa Kiingereza, wakalipwa na serikali ya Kiingereza, na taarifa za waliouawa zilipelekwa London, si kwa baraza lolote la wazee wa Kiafrika. Mdai huenda kwa aliyetoa amri.

Nakuja kwenye dai ambalo watu wengi wema huliamini: hata hivyo, utawala ule ulileta sheria na amani mahali palipokuwa pakiibiwa ng'ombe usiku na mchana. Tuuangalie utawala wenyewe kwa utulivu. Jina lake rasmi lilikuwa Himaya ya Afrika Mashariki, na himaya maana yake ni ulinzi. Kituo cha Kisii kilifunguliwa mwaka 1907 pale Getembe, mahali ambapo, kwa masimulizi ya Gusii, nabii Sakawa alikuwa ametabiri kwamba wageni watajenga. Wazee bado hupaita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Pale Bosongo, aliyeandika amri ndiye aliyeitekeleza, ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyesikiliza malalamiko dhidi ya kodi hiyo, na aliposhindwa aliita jeshi. Hapakuwa na mwakilishi wa Gusii katika chombo chochote kilichoamua jambo lolote. Serikali ambayo mamlaka yake yote hutoka kwenye mtutu, isiyochaguliwa, isiyoweza kupingwa mbele ya hakimu huru, inayoadhibu koo nzima kwa tendo la mtu mmoja, sisi Waafrika wa leo tunalo jina lake. Tulilitamka bila kusita serikali ilipokuwa ya Idi Amin jirani pale. Ni udikteta wa kijeshi. Sioni kwa nini tusite kwa sababu tu majenerali wake walizungumza Kiingereza cha shule nzuri.

Na kama ni sheria, tuulize ni ipi. Sheria ya Adhabu ya Pamoja, iliyoruhusu kijiji au ukoo mzima kutozwa kwa kosa la wachache, ilitungwa katika Himaya mwaka 1909. Miji ya Kitutu ilichomwa 1908. Serikali iliadhibu kwanza, ikatunga sheria baadaye. Kuhusu Otenyo mwenyewe, wazee hawasimulii jaji, wala wakili, wala shahidi. Wanasimulia bunduki, na baada ya bunduki, kisu. Hata tukikubali kwamba mtu aliyemjeruhi afisa alistahili kifo, hakuna sheria ya Uingereza ya mwaka 1908 iliyosema mwili wa aliyeuawa ukatwe kichwa na kichwa kipelekwe ng'ambo kama pembe ya kifaru.

Basi, wanauliza wengine, kama dhuluma ilikuwa kubwa hivyo, mbona familia haikushtaki wakati ule? Swali hili ndilo mzizi wa yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Tutazame waliojaribu. Mwaka 1912 Wamaasai, wakiongozwa na Ole Njogo, walikwenda mahakamani kupinga kuhamishwa kutoka Laikipia. Walikuwa na mikataba iliyoandikwa, ya 1904 na 1911. Walikuwa na mawakili. Mwaka 1913 mahakama iliwaambia kwamba wao si raia wa Mfalme bali ni kama taifa la kigeni lililo chini ya ulinzi, kwamba mikataba yao ni mambo ya dola na dola, na kwamba hakimu hana mamlaka ya kuyagusa. Rufaa nayo ikatupwa. Walikuwa raia vya kutosha kutozwa kodi, lakini si vya kutosha kusikilizwa. Ikiwa Wamaasai wenye karatasi iliyotiwa sahihi walifungiwa mlango namna hiyo, mjane wa Kitutu ambaye mji wake umekuwa majivu angebisha hodi wapi? Ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Wagusii walijaribu njia nyingine pia. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii kutoka kusini. Waingereza waliondoka, kukapiganwa tarehe 12, Wajerumani wakarudi walikotoka. Katika siku hizo chache watu waliamini kwamba wageni wamekwenda kabisa, kama ilivyokuwa imetabiriwa, wakazivamia ofisi na maduka ya mji. Waingereza waliporudi walilipiza kwa kutwaa ng'ombe. Imani ya Mumbo, iliyoenea Gusii katika miaka hiyo hiyo ikisema Wazungu wataondoka, ilipigwa marufuku, na viongozi wake wakapelekwa uhamishoni Lamu. Fikiria mzee wa nyanda za juu, aliyezoea ukungu wa asubuhi na migomba, akishushwa kwenye joto la kisiwa ambacho hajui hata lugha yake, kwa kosa la kusema utawala huu una mwisho. Baada ya hayo, nani angesimama barazani kuuliza kichwa cha Otenyo kiko wapi?

Kwa hiyo wanaposema familia imechelewa, nasema hapana. Kuchelewa ni kwa mtu aliyekuwa na mlango wazi asiingie. Mlango huu ulifungwa na yule yule anayeshtakiwa, na ufunguo ukakaa mfukoni mwake hadi Desemba 1963. Hata baada ya uhuru haukufunguliwa sawasawa. Tume yetu ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ilipewa kazi ya kuchunguza dhuluma zilizotendeka kati ya tarehe 12 Desemba 1963 na tarehe 28 Februari 2008. Mwaka 1908 uko nje ya mpaka huo. Kesi ya Otenyo haijashindwa katika mahakama yoyote. Haijapata siku ya kutajwa.

Hakuna ushahidi, husema wengine. Ni hadithi za wazee. Dai hili linanichukiza kuliko mengine, kwa sababu linawafanya babu zetu kuwa waongo kwa kosa la kutokuwa na makarani. Shambulio la Otenyo limeandikwa na Waingereza. Msafara wa kijeshi umeandikwa na Waingereza. Idadi ya waliouawa imeandikwa na Waingereza. Majalada ya Ofisi ya Makoloni kuhusu Afrika Mashariki ya miaka hiyo yamehifadhiwa Kew, London, katika kumbukumbu zenye alama CO 533. Katika mambo makuu ambayo karatasi na wazee wote wameyazungumzia, wamekubaliana. Linabaki moja tu, safari ya kichwa, ambalo wazee wanalisema na watawala walikuwa na kila sababu ya kutoliandika. Mtu aliyeonyesha ukweli katika mambo tisa hafanywi mwongo katika la kumi kwa sababu tu mshtakiwa amenyamaza.

Tena kisayansi mambo haya sasa yanachunguzika. Hapo Moshi, ng'ambo ya mpaka, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, na masimulizi ya Wachaga yakasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Kwa miongo mingi mjukuu wake alikuwa akiuliza, akijibiwa kwa ukimya. Baadaye watafiti wa Berlin walichunguza mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki yaliyokuwa katika stoo za makumbusho yao. Mwaka 2023 walitangaza kwamba vipimo vya DNA vimeoanisha baadhi ya mafuvu na jamaa walio hai Tanzania, likiwemo la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyooanishwa. Lakini angalia kilichotokea: wazee wa Kilimanjaro walisema vichwa vilichukuliwa, wakajibiwa kwa ukimya, na stoo ilipofunguliwa vichwa vikaonekana. Makumbusho ya Historia ya Asili ya London pekee yana mabaki ya binadamu yapatayo 25,000. Jibu la kwamba jina la Otenyo halimo kwenye orodha halitoshi. Aliyekata kichwa cha mtu wa Kitutu hakuwa na haja ya kuandika jina la ukoo wake kwenye kibandiko. Makumbusho yatuonyeshe mabaki yaliyotoka Afrika Mashariki kati ya 1905 na 1910, kisha sampuli za mate za vitukuu zifanye kazi yake.

Kuna wanaosema sheria ya Uingereza hairuhusu makumbusho kutoa vitu vyake. Kwa sanamu na vinyago wana sehemu ya ukweli. Kwa mabaki ya watu hawana. Sheria ya Tishu za Binadamu ya mwaka 2004, kifungu cha 47, inaziruhusu taasisi tisa za kitaifa, Makumbusho ya Uingereza na ile ya Historia ya Asili zikiwemo, kurudisha mabaki ya watu waliokufa chini ya miaka 1,000 iliyopita. Mlango huu uko wazi tangu wakati huo, na ni wa kuomba kwa barua, hauhitaji kesi.

Na kama mtu anadhani kurudisha fuvu la shujaa wa Kiafrika ni jambo la ajabu, basi asome Mkataba wa Versailles wa 1919. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Mkwawa wa Wahehe ndani ya miezi sita. Miaka kumi na mmoja tu baada ya Getembe, Uingereza ile ile ilikaa meza moja na mataifa makubwa ya dunia na kudai kwamba kuchukua kichwa cha chifu wa Kiafrika ni kosa linalostahili kuandikwa katika mkataba wa amani. Fuvu halikurudi ndani ya miezi sita. Lakini mwaka 1954 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilileta Kalenga kutoka makumbusho ya Bremen na kulikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa. Waingereza wanajua jinsi ya kufanya jambo hili. Walilifanya wenyewe, kwa sherehe, kwa fuvu lililokuwa limechukuliwa na wengine. Nandi nao, mwaka 2006, walirudishiwa fimbo za uongozi za Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, Oktoba 1905. Zilitoka Uingereza, na hakuna mahakama iliyohitajika.

Kuhusu dai kwamba Uingereza ilikwisha lipa mwaka 2013, nitakuwa mfupi. Makubaliano ya Juni 2013 yaliwahusu Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau, na jumla ilikuwa pauni milioni 19.9. Hakuna senti moja, wala sentensi moja, iliyohusu Gusii ya 1908. Wadai wengine zaidi ya 40,000 waliofuata walishindwa London mwaka 2018, muda ukiwa hoja kubwa dhidi yao. Anayesema deni limelipwa anachukua risiti ya jirani na kuibandika mlangoni kwetu.

Na kwamba familia inatafuta pesa? Wanaomba kichwa. Ukitaka kujua thamani ya mwili wa marehemu katika nchi hii, kumbuka kesi ya maiti ya wakili S. M. Otieno: kutoka Desemba 1986 hadi Mei 1987, zaidi ya miezi mitano, nchi nzima ilisimama kusikiliza mahakama zikiamua mtu mmoja azikwe wapi. Kiini chake hakikuwa pesa, kilikuwa kaburi. Majaji walielewa kwamba mahali anapolala mtu ni haki ya watu wake. Na kama fidia itakuja kutajwa kwa miji iliyochomwa na ng'ombe walioswagwa, nayo itakuwa halali, na isitumiwe kuchafua ombi la kaburi.

Limebaki dai la mwisho, nalo hutoka midomoni mwetu wenyewe: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimelisikia likisemwa kwa jamaa ya Otenyo na mtu mwenye nia njema kabisa, msibani, wakati kaburi la mzee wao mwingine likifunikwa. Walinyamaza, kwa heshima. Mimi nitasema kwa niaba yao kwamba methali hiyo ni ya kidonda kilichofunga. Ukimwambia mtu ambaye maiti ya babu yake haijazikwa kwamba jambo limepita, umemwambia asichoweza kukubali, kwa kuwa kwa desturi yake matanga hayajaisha.

Hatimaye hata wakubwa wa dunia hawaamini kwamba limepita. Katika wiki moja ya mwaka 2023 wakuu wawili wa nchi walikuja Afrika Mashariki na kuyazungumzia makosa ya mababu zao. Tarehe 31 Oktoba, Ikulu ya Nairobi, Mfalme Charles alikiri kwamba Wakenya walitendewa ukatili wa kuchukiza usio na udhuru, lakini hakuomba radhi. Kesho yake, Songea, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha mbele ya vizazi vya waliopigana Vita vya Majimaji, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Chifu Songea Mbano. Tofauti ya siku hizo mbili ndiyo ninayoitaka Kitutu iione. Kukiri kulifanyika Nairobi bila jina la mtu hata mmoja wa Gusii. Kule Songea, aliyetajwa ana jina, na kichwa chake kinatafutwa.

Serikali yetu nayo isijifiche nyuma ya Mfalme. Tarehe 20 Oktoba 2020 Siku ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa katika Uwanja wa Gusii. Rais alikagua gwaride kwenye ardhi ile ile ambayo wazee wanasema ndipo Otenyo aliposimamishwa mbele ya bunduki. Taifa lililokanyaga hapo kwa heshima namna ile linaweza kuandika barua. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yamekwisha kusaidia kuorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za ng'ambo. Wanaojua kutafuta vigango na ngao wanajua kutafuta mtu.

Ukoo wa Kitutu leo umegawanywa na mpaka wa kaunti: Kitutu Chache iko Kisii, Kitutu Masaba iko Nyamira. Naomba magavana wa kaunti hizo mbili waandike barua moja, yenye sahihi mbili, waipitishe kwa Makumbusho ya Kitaifa na Wizara ya Mambo ya Nje, wakitumie kifungu cha 47, na waambatanishe sampuli za mate za wazao wa Nyamaterere wakati ambapo wapo bado wazee wa kuzitoa.